Ngeli za Waholanzi wa New York: Jaribio la Kuainisha

Taaluma ya kuwaainisha Wamarekani wenye asili ya koloni la Kiholanzi ilianzishwa mwaka 1809 na msomi ambaye hakuwahi kuzaliwa. Aliitwa Diedrich Knickerbocker. Magazeti ya New York yalitangaza kwamba mzee huyo, mfupi, mwenye koti kuukuu jeusi, ametoweka katika nyumba ya wageni alimopanga, na tangazo lililofuata likaonya kuwa asipotokea, miswada aliyoiacha chumbani itauzwa kulipia deni lake. Hakutokea. Miswada ikatoka kitabu, historia ya New York tangu kuumbwa kwa dunia hadi mwisho wa utawala wa Waholanzi. Watu walicheka sana, wengine wakakasirika, kisha ikajulikana kwamba mzee aliyepotea, mwenye nyumba aliyedai na mwandishi aliyeandika wote walikuwa mtu mmoja: Washington Irving, kijana wa miaka 26, baba yake Mskoti, mama yake Mwingereza.

Huyo ndiye baba wa taaluma yetu. Familia za kale za New York zilizochukizwa na kitabu zikaishia kujiita Knickerbocker kwa fahari, na mwaka 1946 timu ya mpira wa kikapu ikalichukua jina hilo na kulifupisha kuwa Knicks. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wanaovaa fulana za timu hiyo wamebeba kifuani jina la profesa wa kubuni.

Baada ya mzaha ikaja kamati. Mwaka 1885 ilianzishwa New York jumuiya iitwayo Holland Society, na kanuni yake ya uanachama ilikuwa wazi: mwombaji awe mwanamume, na athibitishe kwamba ametoka kwa baba, babu, baba wa babu, bila kupitia kwa mwanamke hata mmoja, hadi kwa mtu aliyeishi katika koloni la New Netherland kabla ya mwaka 1675 kwisha. Kwa maneno ya sarufi, jumuiya hiyo iliainisha watu kwa umbo la kiambishi. Ukiwa na Van mbele ya jina na vyeti vya kuliunga mkono, umo.

Wanafunzi wa Kiswahili tunaijua njia hiyo na tunayajua matatizo yake. Zamani nomino zilipangwa kwa umbo tu, M-WA, M-MI, KI-VI na kadhalika, mpaka walimu wakachoka kueleza kwa nini kiongozi ana KI- lakini hatusemi kiongozi kimefika. Ikaja njia ya upatanisho wa kisarufi: usitazame nomino imevaa nini, tazama inatawala nini katika sentensi. Makala haya yanapendekeza kwamba Waholanzi wa Marekani waainishwe hivyo hivyo. Matokeo yake, tunatahadharisha mapema, yatawaudhi wenye vyeti.

Kwa wasomaji walioingia darasani wamechelewa, historia yenyewe ni fupi. Mwaka 1609 Henry Hudson, Mwingereza aliyeajiriwa na Waholanzi, aliupanda mto wenye jina lake leo akitafuta njia ya kwenda Asia. Hakuipata. Mwaka 1624 Kampuni ya Uholanzi ya India Magharibi ilileta familia za kwanza, nyingi zikiwa za Wawaloni wasemao Kifaransa. Mwaka 1626 barua ilifika Uholanzi ikisema kisiwa cha Manhattan kimenunuliwa kwa bidhaa za thamani ya gilda 60. Mwaka 1643 padri Isaac Jogues aliambiwa na gavana kwamba wakazi wa kisiwa hicho, 400 au 500 hivi, wanazungumza lugha 18. Mwaka 1664 Waingereza wakafika na manowari na mji ukasalimu amri bila vita. Katika mkataba wa Breda wa mwaka 1667 Waholanzi waliridhika kuwaachia New York, wao wakabaki na Suriname pamoja na kisiwa kidogo cha Run kule Banda, kilichoota kungumanga. Kwa hiyo koloni tunalolichambua lilidumu miaka 40 tu, na mkazi wake wa kawaida huenda hakuwa Mholanzi.

Ngeli ya A-WA, ya watu kamili, ina rais mmoja. Martin Van Buren alizaliwa mwaka 1782 katika kijiji cha Kinderhook, kaskazini mwa jiji la New York, mtoto wa mwenye kilabu cha pombe. Damu yake ilikuwa ya Kiholanzi pande zote, ingawa babu yake wa kwanza alifika mwaka 1631 na vizazi vilikuwa vimepita. Kinderhook walioana wao kwa wao kwa uaminifu mkubwa. Hata Hannah, mkewe, alikuwa ndugu wa ukoo, na nyumbani walizungumza Kiholanzi. Van Buren ndiye rais pekee wa Marekani ambaye Kiingereza kilikuwa lugha yake ya pili. Pia ndiye rais wa kwanza aliyezaliwa raia wa Marekani, kwa kuwa wote waliomtangulia walizaliwa raia wa mfalme wa Uingereza. Upatanisho wake hauna kasoro: mtu, anasema, Kiholanzi. Urais wake ulikuwa na kasoro nyingi. Aliapishwa Machi 1837, mabenki yakaanza kuanguka Mei, na mwaka 1840 wapiga kura wakamrudisha Kinderhook. Waliompigia kampeni walimwita Old Kinderhook, wakafupisha kwa herufi mbili, O na K, na kampeni hiyo ikasaidia kueneza neno ambalo sasa hata sisi tunalitumia kumaliza mazungumzo ya simu. Yeye alishindwa, herufi zikashinda.

Marais wengine wawili, akina Roosevelt, hawamo humu, na hapa ndipo barua za malalamiko zitaanza kuja. Babu yao wa kwanza alikuwa Claes Maartenszen van Rosenvelt, yaani Claes bin Maarten, aliyefika Manhattan kabla ya mwaka 1650 au karibu na hapo. Wajukuu zake wawili, Johannes na Jacobus, ndio walioupasua ukoo: kwa Johannes akatoka Theodore, kwa Jacobus akatoka Franklin. Kwa kiambishi wote wawili ni halali, na Holland Society iliwapokea. Kwa damu hesabu ni ngumu zaidi. Mama yake Theodore alitoka Georgia na asili yake ni Uskoti. Bibi yake mzaa baba alitoka Pennsylvania naye hakuwa Mholanzi. Inabaki robo. Ya Franklin haifiki hata hapo.

Theodore tunamweka katika ngeli ya KU, ya vitenzi-jina, kwa sababu hakuna nomino inayomtosha: kuwinda, kuhutubia, kupanda farasi, kupigana Cuba, kuandika vitabu, kuchimba Mfereji wa Panama, kugombea tena baada ya kusema hatagombea. Msomaji wa Afrika Mashariki anamfahamu kwa kitenzi cha kwanza. Alishuka Mombasa Aprili 1909, wiki chache baada ya kutoka Ikulu, na katika safari hiyo yeye na mwanawe Kermit waliua wanyama 512. Wapagazi, kwa mujibu wa kitabu chake, walimwita Bwana Makuba, na Kermit wakamwita Bwana Merodadi. Ni Mkubwa na Maridadi, bila shaka, tahajia tumemsamehe.

Lakini safari hiyo ina tukio linalohusu uchunguzi wetu moja kwa moja. Theodore alijua Kiholanzi kidogo sana, wimbo mmoja wa kubembeleza mtoto, na aliyemfundisha ni yule bibi wa Pennsylvania. Huku kwetu akakutana na Makaburu, ambao wakati huo walikuwa wameanza kuhamia nyanda za Uasin Gishu, akawaimbia. Mwanzoni hawakumwelewa kwa jinsi alivyoyatamka maneno, kisha baadhi yao wakautambua: na wao waliimbiwa huo huo utotoni. Theodore alisimulia jambo hili baadaye kwa furaha kubwa, akikumbusha kwamba wahenga wa Makaburu walikwenda Rasi wakati uleule wahenga wake walipokwenda Amerika. Mwainishaji anatoa hoja nyingine. Baada ya miaka 260, kilichobaki cha Uholanzi kwa Roosevelt ni wimbo mmoja aliofundishwa na mtu asiye Mholanzi na ambao Waholanzi wenzake hawakuutambua mara moja.

Franklin ni wa U-ZI, kwa kuwa kila mtu alikuwa na uchaguzi, yeye peke yake alikuwa na chaguzi: 1932, 1936, 1940 na 1944, zote akashinda. Uholanzi wake aliuweka kwenye mawe. Alisisitiza kwamba ofisi za posta za wilaya ya kwao, Rhinebeck na Hyde Park zikiwemo, zijengwe kwa mawe kwa mtindo wa nyumba za walowezi wa Kiholanzi, na serikali ikajenga. Eleanor, mkewe, alikuwa Roosevelt kabla ya kuolewa na Roosevelt, mtoto wa mdogo wake Theodore, na siku ya harusi yao mwaka 1905 aliyemkabidhi bibi harusi ni Theodore, rais wa nchi. Hakuhitaji kubadili jina. Kwa jumuiya iliyopokea wanaume peke yao, huyo naye hakuwemo.

Ngeli ya U-I ni ya miti, mito, mipaka na mikataba, yaani wenye mashamba. Kiliaen van Rensselaer, mfanyabiashara wa vito wa Amsterdam, alipewa mwaka 1630 haki juu ya ardhi kubwa pande zote mbili za mto Hudson karibu na Albany kwa sharti la kupeleka walowezi. Yeye mwenyewe hakukanyaga Amerika hata siku moja. Alitawala kwa barua, akilalamikia gharama. Vizazi vilivyofuata vilikaa juu ya ardhi hiyo na kukusanya kodi ya ngano, kuku na siku za kazi kutoka kwa wapangaji, chini ya Waholanzi, chini ya Waingereza, na, ajabu ya mapinduzi, chini ya jamhuri pia. Stephen Van Rensselaer, aliyeanzisha chuo cha ufundi cha Rensselaer mwaka 1824, alipofariki mwaka 1839 warithi walitaka kukusanya malimbikizo yote, na wakulima wakajifunika nyuso, wakavaa magauni ya kaliko, wakapuliza baragumu za bati kuwatisha maafisa wa mahakama. Ilichukua katiba mpya ya jimbo, ya mwaka 1846, kuyafuta masharti hayo ya kikabaila. Dada zake Elizabeth Schuyler, ambao dunia ya leo inawajua kwa mchezo wa muziki kuhusu mumewe Alexander Hamilton, ni wa ngeli hii hii: mmoja wao aliolewa na huyu Stephen.

Frederick Philipse pia ni wa hapa, na sisi wa Bahari ya Hindi tuna sababu ya kumkumbuka. Alifika akiwa seremala wa Kampuni, akamwoa Margaret Hardenbroek, mjane mwenye meli zake mwenyewe, na akawa tajiri kuliko wote mjini. Katika miaka ya 1690 meli zake zilikwenda Madagascar na pombe na baruti kwa maharamia, zikarudi na watumwa. Shamba lake kando ya Hudson lilitaifishwa wakati wa mapinduzi kwa kuwa kitukuu chake alikuwa upande wa mfalme. Mti uling'olewa, ngeli ikabaki.

Kwa LI-YA, ngeli ya ukuzaji, hatuhitaji maneno mengi kwa sababu majumba yenyewe yanasema. Jan Aertson kutoka kijiji cha De Bilt alifika karibu na mwaka 1650 akiwa mtumishi wa mkataba. Mzao wake, Cornelius Vanderbilt, husimuliwa kwamba alianza na mashua na mkopo wa dola 100 kwa mama yake, na alipokufa mwaka 1877 aliacha kiasi cha dola milioni 100, za meli na reli. Mwanawe akazizidisha maradufu kwa miaka minane. Wajukuu wakajenga: Biltmore, kule North Carolina, lina vyumba 250. Jambo la kuchekesha ni kwamba kwa miaka mingi Vanderbilt hawakukaribishwa kwenye sebule za watu wa heri, na aliyesimama mlangoni kuwazuia alikuwa Bi. Caroline Astor, ambaye kwa kuzaliwa ni Schermerhorn, Mholanzi wa koloni lile lile. Alilegeza msimamo mwaka 1883, alipotaka mwaliko wa dansi ya akina Vanderbilt. Wanasaba pia humtaja miongoni mwa wahenga wa ukoo huu Anthony Janszoon van Salee, mwana wa haramia Mholanzi aliyesilimu na kukaa Salé, Morocco. Anthony aligombana na kila mtu New Amsterdam, akafukuzwa mwaka 1639, akapata shamba kubwa ng'ambo, Long Island. Tajiri mkubwa wa Kiholanzi kuwa na babu wa pwani ya Waislamu si habari ambayo sebule za mwaka 1883 zingeifurahia.

KI-VI ina mtu mmoja, na ndiye mfano wetu wa vitabuni. Peter Stuyvesant, gavana wa mwisho, alikuwa kiongozi na kiziwi kwa pamoja: kiziwi kwa maombi ya raia, kwa Wayahudi aliotaka kuwafukuza mwaka 1654 mpaka Kampuni ikamkatalia, na kwa wakazi wa Flushing waliomwandikia mwaka 1657 wakitetea Wakweka. Maneno yote mawili yana KI- na yote huchukua A-WA, kwa hiyo hata yeye tunasema alifika, alifoka, alisalimu amri.

PA-KU-MU ni mahali: Harlem, Brooklyn, Flushing, Yonkers, mtaa wa Wall Street uliofuata ukuta wa mwaka 1653. Hata Bronx, inayobeba jina la Jonas Bronck, mtu wa Skandinavia. Tupite.

Kuna ngeli ya U isiyo na wingi, na ndani yake kuna neno moja, urithi. Anneke Jans alikuwa mwanamke wa Norwei aliyefika na mumewe, akafiwa, akaolewa na mchungaji Bogardus, naye akazama baharini mwaka 1647. Alibaki na watoto wengi na shamba la ekari 62 kusini mwa Manhattan. Alifariki mwaka 1663, watoto wakaliuza shamba kwa gavana wa Kiingereza, mtoto mmoja hakutia sahihi, na mwaka 1705 ardhi ikapewa kanisa la Trinity. Sahihi hiyo moja iliyokosekana ililisha mawakili kwa zaidi ya karne mbili. Kanisa lilishinda kila mara. Wadai waliongezeka kila kizazi, matapeli wakawachangisha ada za kesi, na kwa kuwa shamba peke yake halikutosha, ikazushwa hadithi kwamba Anneke alikuwa mjukuu wa mfalme wa Uholanzi aliyenyimwa mali yake. Ukoo huu ndio mkubwa kuliko zote, kwa sababu kuingia kulihitaji imani na nauli ya kwenda mkutanoni.

Tumeiacha I-ZI mwisho kwa makusudi. Nomino zake nyingi hazina kiambishi kinachoonekana. Zimekaa kimya katikati ya sentensi mpaka upatanisho uzitambulishe. Herman Melville ni wa hapa. Jina lake halionyeshi kitu, lakini mama yake ni Maria Gansevoort wa Albany, binti wa Peter Gansevoort aliyeilinda ngome ya Stanwix mwaka 1777. Walt Whitman ni wa hapa pia: mama yake ni Louisa Van Velsor wa Long Island. Waandishi wawili wakubwa wa Marekani wa karne ya 19, na kwa kanuni ya baba kwa baba hakuna hata mmoja anayepita mlangoni. Humphrey Bogart na Bruce Springsteen wangepita, maana majina yao ni ya baba, ila mtazamaji wa sinema hawezi kulijua hilo kwa kusikia.

Ngeli hii ina kundi la pili. Tuna maneno kama mama, dada, rafiki: umbo lao ni la I-ZI, upatanisho wao ni A-WA. Anayesema mama yangu inaita anasahihishwa papo hapo. Koloni la Waholanzi lilikuwa na watu wa aina hiyo tangu mwanzo, na daftari za Kampuni ziliwaandika pamoja na vitu. Wanaume 11 walioletwa miaka ya 1620, Simon Congo na Paulo d'Angola miongoni mwao, waliomba uhuru mwaka 1644. Kampuni ikawapa nusu: wao na wake zao huru, walipe mazao kila mwaka, na watoto wao, hata ambao bado hawajazaliwa, wabaki mali ya Kampuni. Stuyvesant mwenyewe alimiliki watu wapatao 40.

Karibu na mwaka 1797, katika wilaya ya Ulster, alizaliwa katika utumwa wa ukoo wa Hardenbergh mtoto aliyeitwa Isabella. Lugha yake ya kwanza na ya pekee ilikuwa Kiholanzi. Alipokuwa na miaka tisa hivi aliuzwa mnadani pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100, kwa familia iliyozungumza Kiingereza, na alipigwa kwa sababu hakuelewa anachotumwa. Mwaka 1826 aliondoka kwa bwana wake wa mwisho akiwa amebeba mtoto mchanga, akapokelewa na familia ya Van Wagenen, ambao walilipa dola 20 kwa ajili yake na dola 5 kwa ajili ya mtoto ili waachwe. Akachukua jina lao. Mwaka 1828 alimshtaki mtu aliyemuuza mwanawe Peter nje ya jimbo kinyume cha sheria, akashinda. Mwaka 1843 akajiita Sojourner Truth.

Hotuba yake ya Akron ya mwaka 1851 ilichapishwa wiki chache baadaye katika gazeti kwa Kiingereza cha kawaida. Toleo linalokaririwa shuleni hadi leo lilitolewa mwaka 1863 na mwanamke mwingine, Frances Gage, aliyemsemesha kwa lafudhi ya watumwa wa majimbo ya kusini. Sojourner hakuwahi kuishi kusini, na Kiingereza alijifunza baada ya Kiholanzi. Wasomi wa ukoo walimnyima asili, na waliompenda wakamnyima lafudhi.

Tupime kwa haki. Kiholanzi cha mama anacho, Theodore hana. Van mbele ya jina aliwahi kuwa nayo, Roosevelt waliidondosha. Mateso ya kujifunza Kiingereza aliyapata kuliko Van Buren, ambaye katika kilabu cha baba yake watu sita walifanya kazi wakiwa watumwa. Kinachokosekana ni damu, na damu, kama tulivyoona kwa Mnorwei, Mskandinavia na Wawaloni, koloni lenyewe halikuidai. Jedwali hili likichapishwa upya, jina la kwanza katika A-WA liwe Isabella Van Wagenen, Van Buren awe wa pili, na akina Roosevelt wabaki walipo mpaka walete ushahidi zaidi ya wimbo.